Kigari cha Kumchekesha Mke Wangu

Mke wangu ni mfupi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu yeye mwenyewe hulitaja mapema, popote aendapo, kabla mtu hajapata nafasi ya kulifikiria. "Mimi ni mfupi lakini nimekamilika," huwaambia akina mama wajawazito wanaofika kwenye kituo cha afya anakofanya kazi ya ukunga, kule juu Kathiani. Nao hucheka, na uchungu, kwa maneno yake, husogea kando kidogo.

Mimi ni mpima ardhi. Kwa miaka mingi nyumba yetu ya Mutituni ilikuwa na gari moja tu, gari langu la kazi, refu na zito, la kubebea vyombo vya kupimia na vigingi vya mipaka. Lilikunywa mafuta kama ng'ombe wa Yatta aliyefika mtoni katikati ya kiangazi. Siku nilizokuwa na kazi ya mezani, mke wangu alilichukua kwenda kazini. Aliketi juu ya mito miwili ya sofa, akanyoosha shingo, na bado aliyesimama barabarani hakuona zaidi ya paji la uso na vidole vilivyoshika usukani. Alipotaka kuliegesha karibu na soko pale mjini Machakos, wauzaji wa nyanya waliacha biashara yao wakasimama kumwelekeza.

"Mama, kata! Kata tena! Rudi! Simama, umegusa viazi!"

Yeye alikuwa akishuka kwa kuruka, anawashukuru wote, ananunua hivyo viazi alivyogusa. Nyumbani tulikula viazi vingi sana miaka hiyo.

Halafu Pasaka moja binti wa jirani yetu, anayekaa Syokimau na kufanya kazi ya ofisi Nairobi, alikuja kuwatembelea wazazi wake na kigari kidogo cheupe, kidogo hata mbwa wetu alikibwekea kama anabwekea mwenzake. Mke wangu alikizunguka mara mbili.

"Naweza kukizungusha hapa tu nyumbani?" akamwuliza yule binti.

Akapewa ufunguo. Akaondoka taratibu, akapita kando ya miparachichi, akageuka pale baina ya tangi la maji na zizi la ng'ombe, mahali ambapo gari langu halijawahi kupita na halitapita, akatokea upande wa pili anapiga honi. Akarudia. Mara ya tatu alipita akiwa amefungua dirisha, anatupungia mkono kama mtu anayesafiri mbali. Aliposhuka, uso wake ulikuwa uso wa msichana niliyemwona mara ya kwanza akikimbilia basi huku kiatu kimoja kiko mkononi. Sikuwa nimeuona uso huo kwa muda. Watoto wetu walikuwa wamekua na kwenda zao, na sisi wawili tulikuwa tumezoea kuzungumza habari za maji, za ng'ombe na za dawa ya presha.

Hapo hapo, nikiwa nimesimama na kikombe cha chai kinachopoa, niliamua kumnunulia mke wangu gari lake. Dogo. Lisilokunywa mafuta, la kunusa tu. Na la kufurahisha, ingawa neno hilo sikujua hata linapimwa vipi. Nikaamua pia kwamba hatajua lolote mpaka alione limesimama mlangoni.

Sasa, mtu aliyezoea vipimo hawezi kununua gari kwa kubahatisha. Nilitaka kujua kama miguu ya mke wangu itafikia pedali bila mito, na kama macho yake yatavuka dashibodi. Lakini utampimaje mtu asijue? Nilijaribu jioni moja alipokuwa ameketi anachambua maharagwe. Nilinyoosha utepe wangu nyuma ya kiti.

"Unapima nini?" akauliza bila kugeuka.

"Kiti."

"Kiti umekaa nacho tangu harusi, leo ndiyo unataka urefu wake?"

Nikakunja utepe. Ndipo nilipomkumbuka shemeji yangu.

Dada yake mdogo ana duka la vitambaa Katangi. Wamefuatana kwa kuzaliwa, na nadhani Mungu alipomaliza kumfinyanga wa kwanza aliona hakuna haja ya kubadilisha kalibu. Urefu mmoja, mabega mamoja, mikono mifupi ileile. Tofauti yao ni kicheko. Mke wangu huanza chini kabisa, kama birika linaloelekea kuchemka. Dada yake huanza juu moja kwa moja, na mtu aliye karibu huruka. Nilimpigia simu, nikamweleza. Alipiga kelele ya furaha hata nikasogeza simu mbali na sikio. Akaniapia kwamba siri hii atakufa nayo.

Tulianza na yadi za magari za hapa Machakos. Shemeji aliifanya kazi yake kwa moyo wote. Aliingia katika kila gari, akavuta kiti mbele, akakanyaga pedali, akatazama kulia na kushoto, akatoa hukumu.

"Hii honi inalia kama mbuzi amekanyagwa. Dada yangu hawezi."

"Hii iko na harufu ya bwana wa kwanza."

"Bwana gani?"

"Mwenye alikuwa nayo. Alikuwa anakula samaki ndani."

Katika gari moja jekundu alivuta kishikio cha kiti, kiti kikaanguka nyuma chote, naye akabaki amelala chali miguu hewani, akacheka kicheko chake mpaka na mimi nikaegemea mlango nikicheka bila sauti, machozi yananitoka. Hatukuona nani anapita barabarani.

Aliyepita barabarani alikuwa mama mmoja wa kwaya ya kanisa letu. Haya mengine niliambiwa baadaye na mke wangu, akiyaigiza, kwa hiyo nayaandika kama nilivyoyapokea. Yule mama alifika kwetu siku ileile, akaketi kwenye ukingo wa kiti, akakataa chai mara mbili, akakubali ya tatu.

"Dada yangu katika Kristo," akasema, "sijui nikuambie namna gani. Nimemwona mzee wako mjini. Ndani ya gari nyekundu. Na mwanamke mfupi."

"Mfupi kama nani?"

"Kama wewe. Wanacheka. Wanacheka sana."

Mke wangu akaweka kikombe chini. "Huyo mwanamke alikuwa anacheka vipi?"

Mama wa kwaya, ambaye anaimba sauti ya kwanza, akavuta pumzi na kuutoa kicheko chenyewe, tangu juu. Kuku wakatawanyika. Mke wangu akamshukuru sana, akamwongezea chai, akamfungia parachichi za kwenda nazo. Mgeni alipofika tu getini, mke wangu akapiga simu Katangi. Dada yake, ambaye tangu utotoni hajawahi kufaulu kuficha hata pipi mdomoni, alimwaga yote kabla salamu hazijaisha.

Mimi sikujua lolote. Nilimwona tu mke wangu siku zile anapika huku anaimba, nikafikiri ni kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha vizuri.

Yadi za Machakos zilipotuishia, nilipanga na shemeji tuende Syokimau, ambako magari madogo ni mengi kwa sababu ya watu wa maofisini. Akaniambia atalala kwa binti yake Nairobi, kisha atapanda treni asubuhi, mimi nimngoje nje ya kituo. Mke wangu naye aliniaga mapema, amevaa sare yake, akasema ana zamu ndefu.

Nilifika, nikasimama karibu na mwuza magazeti. Treni ikafika, watu wakaanza kutoka. Nikamwona shemeji kwa mbali: kilemba chake cha kijani chenye maua makubwa, ambacho hakiwezi kupotea hata sokoni, kikielea chini ya mabega ya watu. Nikapunga mkono. Kilemba kikaja. Watu wakaachana, na chini ya kilemba kile kulikuwa na mke wangu.

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye soksi.

Akanipa mkono kwa adabu kubwa, macho chini, kama dada yake anavyonisalimia. "Shemeji, habari za asubuhi?"

"Wewe… si uko zamu?"

"Zamu gani, shem? Mimi niko na duka la vitambaa Katangi. Dada yangu ndiye mkunga. Saa hii maskini yuko Kathiani anazalisha watu, hajui kitu. Si ulisema ni sapraizi?"

Alinikazia macho. Kona ya mdomo wake ilikuwa ikitetemeka, na birika lile la kicheko lilikuwa limeshaanza kulia huko chini, lakini alilibana. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa amefika kwa njia nyingine kitambo, akaingia ndani ya kituo na kuingoja treni ili atoke na abiria. Mwanamke mzima, mama wa watu wazima, amejificha nyuma ya nguzo.

Ningeweza kusema haya basi, mchezo umekwisha. Lakini jua lilikuwa zuri, nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku nzima kazini, na mke wangu alikuwa amesimama mbele yangu na kilemba cha maua, anangoja kuona nitafanya nini.

"Sawa, shemeji," nikasema. "Njoo unisaidie. Dada yako ni mgumu kuridhisha."

"Eh! Hata usiniambie," akajibu. "Nimemjua kabla yako."

Yadi tuliyoingia ilikuwa ya mama mmoja mnene aliyevaa viatu vya michezo, miwani ameipandisha kichwani, funguo zimejaa mfukoni hata anapotembea analia kama kengele. "Karibuni, wazazi. Gari ni ya nani?"

"Ya mke wangu," nikasema.

Akamgeukia mke wangu na tabasamu. "Karibu, mama."

"Si mimi," mke wangu akasema. "Mimi ni dada ya bibi yake. Nimekuja tu kusaidia."

Tabasamu la mama wa yadi likarudi nyuma hatua moja.

Mimi nilikuwa nimeshaliona gari langu, maana yake gari nililolipenda kwa niaba ya mke wangu: safi, la rangi ya sufuria, lenye sifa ya kutokunywa na vipuri vinavyopatikana kila duka. Nikaeleza faida zake kwa mpangilio. Mke wangu akasikiliza mpaka mwisho, akaingia, akaketi, akatoka.

"Ni gari nzuri," akasema. "Tatizo, dada yangu atafika Kathiani akiwa amelala. Hii gari haina neno la kumwambia mtu."

"Gari liseme nini?"

"Shem, wewe ulimwoa, hukuchunguza? Dada yangu anapenda kitu cha kumwitikia."

Tukajaribu jingine, la bluu, lililonguruma vizuri lakini viti vyake vya nyuma vilikuwa vya kukalia watoto wa njiwa. "Dada yangu hubeba watu," akasema. "Akipata mama ametoka kujifungua, na nyanya ya mtoto, na beseni, wote wanaingia." Likafuata la kijivu. Hilo lilimfikisha pedali vizuri, ila nguzo ya kioo ilimziba jicho la kulia. Kila mara alisema dada yangu hivi, dada yangu vile, na mimi nikawa nazidi kumwuliza, kwa sababu nilikuwa nikisikia mambo mapya. Sikujua kwamba dada yake anapenda kuendesha akiwa amevua viatu. Sikujua kwamba asubuhi anapofika kwenye ule mteremko wa Mitaboni huongea peke yake kwa sauti, akipanga siku. Ndoa ndefu, na bado kuna vyumba ambavyo sikuwahi kufunguliwa.

Ndipo akaacha kuzungumza. Kule pembeni, nyuma ya magari mawili makubwa, kulikuwa na kigari cha rangi ya chungwa, kimejaa vumbi, kina taa za mviringo kama macho ya mtoto aliyeamshwa. Milango mitano, matairi madogo, boneti fupi. Mke wangu alikwenda moja kwa moja, akafungua mlango, akaketi. Hakusogeza kiti. Akashika usukani, akatazama mbele, akakaa hivyo.

"Naona boneti," akasema polepole. "Yote. Mpaka mwisho."

Alisahau hata kumtaja dada yake. Mimi nikajifanya natazama tairi.

Tukaomba kulijaribu barabarani. Mke wangu kwenye usukani, mimi kando, mama wa yadi nyuma. Tukatoka mtaani kati ya zile nyumba mpya za Syokimau zinazofanana. Kigari kilikuwa chepesi. Ukikikanyaga kinaruka kama mbuzi mchanga, ukikiacha kinatulia, na kwenye kona kinageuka kabla hujamaliza kufikiria kona. Mke wangu alipita tuta la kwanza, akasema "Asi!" Tuta la pili, birika likaanza kuchemka. Kwenye mzunguko wa barabara alipaswa kutoka upande wa kwanza. Hakutoka. Akazunguka wote. Akazunguka tena.

"Mama, tunapotea?" mama wa yadi akauliza.

"Hapana. Ninaangalia kama inazunguka vizuri kwa upande wa dada yangu."

Tulipotoka hapo alipiga breki kumpisha mwendesha baiskeli, kisha akasema bila kunitazama, "Shem, mikono."

"Mikono imefanya nini?"

"Imeshika dashibodi. Dada yangu aliniambia hiyo tabia. Akikanyaga breki tu, wewe unashika dashibodi kama mtu anaanguka kisimani."

Nikaiondoa, nikaikalia. "Alikuambia hivyo?"

"Aliniambia. Anasema angependa siku moja umwambie anaendesha vizuri."

"Anaendesha vizuri sana."

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

"Nitamwambia. Nitamwambia leo. Mwambie pia kwamba kilemba kile kinampendeza."

"Kilemba ni changu, shem," akasema, nami nikatazama nje ya dirisha huku natabasamu kama kijana wa kidato cha pili. Nyuma, mama wa yadi akakohoa kwa nguvu.

Tuliporudi, mke wangu alibaki akijaribu vifutio vya kioo, akivicheka. Mama wa yadi akanivuta nyuma ya basi dogo.

"Mzee," akaanza, sauti ya chini, "mimi siingilii mambo ya watu. Nauza magari. Lakini niko na dada mdogo, na nilikuwa na bwana. Hizi vitu naziona hapa. Mke wako yuko wapi saa hii?"

"Yuko… kazini."

"Kazini. Anafanya kazi, na wewe hapa na dada yake mnazunguka raundi mkicheka. Unamsifia kilemba! Huogopi Mungu?"

"Mama, si vile unafikiria."

"Wote husema hivyo hivyo."

Nilikuwa natafuta pa kuanzia, simu yangu ikalia. Shemeji. Kwa kuchanganyikiwa nikabonyeza pasipofaa, sauti ikatoka kwa kipaza, yadi nzima ikasikia.

"Shem! Amefika? Alivaa kilemba changu? Umeshtuka ama hukushtuka? Tangu asubuhi sijauza hata mita moja ya kitambaa, nangoja tu simu! Mke wako ni mwenda wazimu, nilimwambia hutaweza kujifanya mimi, wewe huna kicheko!"

Halafu akakicheka chenyewe, kuanzia juu, na kutoka Katangi kikafika mpaka kwenye mabati ya Syokimau.

Mama wa yadi aliitazama simu. Akamtazama mke wangu, ambaye alikuwa ametoa kichwa dirishani. Akanitazama mimi.

"Huyo ni nani?"

"Huyo ndiye dada."

"Na huyu?"

"Huyu ni mke wangu."

"Mke wa nani?"

"Wangu! Huyu huyu. Amejifanya dada yake. Nilitaka kumshangaza, akanishangaza yeye."

Mama wa yadi akaketi juu ya matairi yaliyopangwa, akavua miwani kichwani, akacheka huku anajipiga paja, funguo zote zikilia mfukoni. Mke wangu naye hakuweza kujizuia tena. Alishuka, akaja akiwa amejishika tumbo, akaniegemea, na kile kicheko chake cha birika kikamwagika chote pale pale. Na simu bado ilikuwa wazi, shemeji anauliza, "Nini? Nini? Niambieni!" Sijui tulicheka muda gani. Najua kwamba mtu aliyekuja kutafuta gari la kubebea mchanga alisimama, akaanza kucheka na yeye bila kuambiwa sababu.

"Sasa," mama wa yadi akasema akijifuta macho, "nilikuwa nataka kukuuzia vibaya kwa sababu ya tabia mbaya. Wacha tuongee upya."

Fundi niliyemwamini alikuja, akalala chini ya gari, akasikiliza injini, akatoka anasema ni zima. Lakini mimi bado nilitaka jambo moja. Nikasema lazima tujue linakunywaje, si kwa maneno. Mke wangu akageuza macho, ila akaingia. Tukajaza tangi hapo Syokimau mpaka shingoni, tukaenda kwa mwendo wa kawaida mpaka Kyumvi kwenye njia panda ya Machakos, tukageuza, tukarudi kwenye pampu ileile. Mhudumu akaweka bomba. Pampu ikapitisha lita tatu tu, ikatoa mlio mfupi, ikakata.

"Imejaa," akasema.

"Jaza," nikamwambia.

Akabonyeza tena. Ikakata. "Mzee, imejaa. Si mlijaza sasa hivi?"

"Tumetoka Kyumvi na kurudi."

Mhudumu akachungulia kwenye tundu la tangi, akanitazama, akamwita mwenzake. Wakabishana kama pampu imeharibika. Mke wangu alikuwa amelalia usukani, mabega yanatikisika. Nami mpima ardhi, mtu mzima mwenye mvi, niliruka pale kwenye pampu. Miguu yote miwili iliacha sakafu. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo.

Makaratasi yalipokamilika siku chache baadaye, mke wangu alituleta nyumbani. Mwanzoni alikuwa kimya, viatu amevivua, ameviweka kando. Tulipoacha barabara kuu pale Kyumvi na kuanza kupanda kuelekea Machakos, vilima viko mbele, kijani baada ya mvua, akaanza kuongea. Si na mimi. Alikuwa anaipanga siku yake ya kesho kwa sauti, nani atakuja kliniki, nani hajarudi kupimwa, mama gani anahitaji kupelekwa nyumbani kwa sababu amepata mapacha. Nilikaa juu ya mikono yangu nikasikiliza. Alipomaliza nikamwambia, "Unaendesha vizuri sana." Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyepewa haki yake, akabadilisha gia.

Jumapili iliyofuata shemeji alikuja kutoka Katangi kulidai gari lake, kama alivyoliita, akasema hawezi kuwa ndiye aliyewapimia watu magari kisha asilipande lililonunuliwa. Baada ya ibada tukaingia wote watatu, tukaenda Kyamwilu. Kila mtu wa Machakos anakijua kile kipande cha barabara. Ukizima injini na kuliacha gari huru, badala ya kuteremka, linapanda. Wengine husema ni nguvu za ajabu, wengine husema ni macho tu yanadanganywa na vilima. Mimi nina vyombo vyangu na nina maoni yangu, lakini mke wangu amenikataza kabisa kuyatoa.

Alifika mahali penyewe, akasimamisha gari, akazima. Kimya. Ndege mmoja kichakani. Akaachia breki.

Kwa muda hapakutokea kitu. Kisha kile kigari cha rangi ya chungwa kikaanza kwenda, polepole, kikiwa kimebeba watu wazima watatu na sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, tuliyokuwa tukiipeleka kwa mama mkwe, kikapanda.

"Inapanda!" shemeji akapiga kelele nyuma, ingawa ameona hivyo tangu utotoni. "Wuuu! Inapanda yenyewe!"

Mke wangu akaondoa mikono kwenye usukani, akaiinua juu mpaka ikagusa paa. Akanigeukia, na mimi nikainua yangu. Mama mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi kando ya barabara aliwasukuma wanyama wake pembeni, akasimama kutupisha, akatusalimu kwa Kikamba, na mke wangu akamwitikia kwa sauti kubwa, mikono ikiwa bado hewani.